Dirisha la Lugha na Kiti cha Bibi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkwaruzo wa kiti kikiburutwa juu ya mawe. Miaka yote niliyosoma Bologna huo ndio mlio ulionishtua usingizini, ingawa Bologna hakuna anayeburuta kiti nje. Jioni za utoto wangu zote zilianza hivyo: Bi Agnese anatoa kiti chake, bibi yangu Rosaria anatoa chake, wengine wanafuata, na gjitonia yetu, ule uwanja mdogo ambao milango yetu inautazama, inaanza kusengenya kwa Kiarbëresh, lugha ya Kialbania ambayo mababu zetu walikuja nayo hapa kusini mwa Italia, mpaka giza liingie. Leo nimeusikia tena nikiwa juu chumbani. Viti vitano. Wanawake wanne. Kile cha tano wanamwekea nani? Sikushuka. Nina shida kubwa zaidi.

Katibu wa manispaa, Sprovieri, ameniita ofisini. Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka mkoani kutazama Dirisha la Lugha, yaani mimi. Sheria inasema raia ana haki ya kuhudumiwa na manispaa kwa lugha yake. Mkoa unauliza huyo raia yuko wapi. Tangu dirisha lifunguliwe sijapata mteja hata mmoja. Yule wa mwezi Machi alikuwa anatafuta choo. Katibu amesema, kwa huruma inayoudhi, kwamba asipoonekana mtu litafungwa, na mimi nitarudi Bologna kupokea simu za kampuni ya bima. Kwa Kiitaliano. Kutwa nzima. Bibi alikufa miaka mitatu iliyopita na tangu hapo hakuna aliyeniita kwa lugha yetu. Dirisha likifungwa, basi tena.

Nimeshapata mpango. Maandazi!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamka mapema nikakaanga petulla, maandazi yetu ya sikukuu, nikayapanga kwenye sinia mbele ya dirisha. Harufu imefika hadi kanisani. Bi Agnese kaja wa kwanza. Nilimsikia akipanda ngazi, akizilaani moja moja kwa Kiarbëresh kitamu ajabu, ngazi, magoti yake, na meya aliyezijenga. Nikashika kalamu. Akafika juu, akaniona nyuma ya meza, akajifuta miguu, akanyoosha kitambaa cha kichwa, akasema kwa Kiitaliano cha Jumapili: habari za asubuhi, Msomi, natumaini hujambo.

Msomi! Mimi, niliyeogeshwa naye kwenye karai!

Nilimwomba anijibu kwa lugha yetu. Akatazama kushoto na kulia kama nimemwomba avue nguo. Akaninong'oneza, kwa Kiitaliano bado, kwamba ofisini mtu haongei ovyo, mwanangu. Akala maandazi manne, akachukua mengine ya kwenda nayo.

Dirisha la pili ni la Ercole, anayesajili mbwa. Ana foleni hadi mlangoni. Anapiga mluzi. Ameniuliza kama yamebaki maandazi.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi nikabandika karatasi juu ya kibao cha Ercole: MBWA WOTE DIRISHA LA LUGHA. Mpango safi. Akaja mwindaji na mbwa watatu. Mimi kanisalimu kwa Kiitaliano. Mbwa akawaambia kaa, nyamaza, mwana haramu we, acha meza ya watu, yote kwa Kiarbëresh fasaha. Nikabaki na swali gumu la kisheria: lugha imetumika dirishani kwangu, na waliohudumiwa ni mbwa. Nilikuwa bado natafakari pale mmoja wao alipoinua mguu juu ya kamusi.

Ercole amecheka mpaka akakaa chini. Ameniambia nisikate tamaa, dada, angalau huyo ametoa maoni yake.

Halafu, saa tano, muujiza. Nicodemo wa buchani. Shangazi yake Bi Teodora, jirani wa marehemu bibi, alipigwa na kiharusi wiki iliyopita, yuko hospitali ya mji wa bondeni. Kiitaliano chote kimemtoka kichwani. Kimebaki chetu tu. Anarudia maneno yale yale kutwa, wauguzi wameandika kwamba amechanganyikiwa, wanamchoma sindano za kumtuliza. Nicodemo kalelewa Turini, Kiarbëresh chake ni cha kula na kutukana. Wodini haruhusiwi mtu baki, ila mkalimani mwenye mhuri wa manispaa. Bonde zima mhuri huo ni mmoja, na uko kwenye droo yangu.

Mteja! Mteja wa kweli, mwenye haki iliyonyimwa! Nikamwambia vizuri sana, ndugu yangu, njoo Ijumaa saa nne kamili, simama hapo hapo uliposimama, na useme yote tena kwa sauti, taratibu.

Alinitazama kama anavyotazama nyama iliyolala juani. Akauliza kama sikusikia kwamba shangazi yake analia. Nikamweleza umuhimu wa mkaguzi. Akaondoka bila kuaga.

Atakuja. Mwenye shida haringi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hakuja.

Ila gjitonia nzima ilikuja. Jana nilipita mlango kwa mlango kuwasihi. Wamekuja na nguo za Pasaka, Bi Agnese na hereni za mama yake. Mkaguzi ni mtu mpole mwenye tai ya kijivu. Amewauliza, kwa Kiitaliano maana hana kingine, kama wanapata taabu yoyote na lugha ya serikali.

Bi Agnese akapiga hatua moja mbele. Sijawahi kusikia Kiitaliano kilichonyooka namna ile. Akasema hawana taabu kabisa, mheshimiwa, wote wanakijua, tena vizuri, na huyu binti ni msomi mkubwa anayeweza kupewa kazi yoyote. Wengine wakaitikia kwa vichwa kama kwenye sala. Mkaguzi akawashukuru. Akaandika. Nilijaribu kueleza habari za Bi Teodora, akauliza huyo ndugu yake yuko wapi. Nikatazama mlango. Alikuwepo mwindaji na mbwa wake.

Linafungwa mwisho wa mwezi.

Kwenye ngazi nilimkamata Bi Agnese mkono, nikamuuliza kwa nini ameniua. Akashangaa. Akasema, sasa kwa lugha yetu, kwamba wamenisitiri. "Darasa la kwanza nilipigishwa magoti juu ya punje za mahindi kwa neno moja tu la nyumbani. Nimejifunza lugha yao kwa magoti haya. Leo nisimame mbele ya mtu wa tai niseme siijui? Utanizika nayo hiyo aibu wewe?"

Nikamwachia mkono. Nina shahada mbili za jambo hili hili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepanda basi kwenda hospitali. Mhuri bado wangu hadi mwisho wa mwezi.

Bi Teodora amekuwa mdogo. Wamemlaza akitazama ukuta. Alikuwa akisema maneno yale yale, kwa sauti iliyokauka. Muuguzi, msichana mwema aliyechoka, akaniambia ndivyo anavyopayuka tangu siku ya kwanza. Niliinama. Bi Teodora alikuwa akisema: nigeuzeni nitazame mlango.

Basi. Hilo tu. Kwetu nani anakaa akiupa mlango mgongo? Atajuaje nani anapita?

Tuligeuza kitanda. Akanyamaza. Muuguzi akatoka na sindano yake. Bi Teodora akanitazama, akaniuliza kama wanavyouliza kwetu: "We wa nani?" Nikasema wa Rosaria. Akauliza Rosaria mbona haji. Nikasema amekufa. Akasema, "Basi kaa wewe."

Hapakuwa na kiti. Nilisimama kidogo, nikawahi basi.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa Bi Agnese amenizuia uwanjani. Kasikia habari za kitanda. Nicodemo anatangaza buchani, ingawa bado haniamkii. Akaniuliza nina nini na kile kiti. Kiti gani? Cha tano! Ni cha bibi yako, akasema, wanakitoa kila jioni tangu nirudi na kila jioni wanakiingiza ndani kitupu, wamechoka, kizito kile, mti wa mwaloni, na mimi napita pembeni yake nimekumbatia makaratasi kama karani wa kodi. "Tuliona aibu kukuita. Msomi hatumwiti, anakuja mwenyewe."

Nimeguswa sana. Nimelazimika kutazama pembeni.

Kisha nikapata wazo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeshafanya. Mkoa unataka kuona mwenye haja ya dirisha. Haja iko hospitali. Basi dirisha lihamie huko! Kinachokosekana kule ni kiti, na kiti ninacho, wamesema wenyewe ni changu. Nimeenda kukichukua alfajiri. Kizito kweli. Nimekiburuta juu ya mawe hadi kituo cha basi, mkwaruzo ule ule, na madirisha ya gjitonia yakafunguka moja baada ya jingine. Nadhani walivutiwa.

Sasa niko kwenye ukumbi wa wodi. Nina meza ndogo, mhuri, na tangazo: DIRISHA LA LUGHA, JUMANNE NA ALHAMISI, SAA TATU HADI SAA TANO. Kiti cha bibi nimekiweka upande wa mteja, kitupu, kinapendeza. Mlango wa Bi Teodora uko wazi na ananiona vizuri. Ameniita mara kadhaa. Anasema nilete hicho kiti ndani, nikae naye.

Nimemjibu kwa heshima zote, kwa lugha yetu, kwamba leo ni Jumatatu. Aje kesho, saa tatu.