Alama Tisini na Nane za Kamanda

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Saa nne asubuhi bosi ametangaza, kikombe mkononi, kwamba Sindano huenda akatuacha. Dada yake amefungua duka la vitabu katika mji mwingine, mwendo wa saa sita, na anamtaka akafanye naye kazi. Jibu linatakiwa Jumapili.

Sindano ndiye mshonaji wa vitabu katika kiwanda chetu cha uchapaji. Jina lake halisi hakuna anayelitumia. Meza yake iko hatua nne kutoka yangu mimi, msoma prufu, yaani karatasi za majaribio kabla ya kuchapa. Miaka mitatu nimemsikia akipaka uzi nta na kuukata kwa meno. Miaka mitatu, na yote niliyomwambia yanahusu pambizo na kurasa zilizopishana. Nampenda. Basi, nimeandika.

Nina siku sita. Nimeamua kutafuta mkufunzi wa mahaba. Siku hizi wamejaa, kila nguzo ya umeme ina tangazo la bwana anayefundisha wanaume kupendwa. Wengi ni matapeli. Lakini mimi naishi kwa kugundua makosa! Nimechora jedwali. Vyeti, alama arobaini. Bango, ishirini. Mavazi, ishirini. Ushahidi wa waliofaulu, ishirini. Nilitaka kuongeza kipengele cha iwapo mkufunzi mwenyewe anapendwa na mtu, lakini ukurasa ulikuwa umejaa.

Jumanne, 4 Juni

Mtahiniwa wa kwanza: Daktari wa Mioyo. Darasa saa moja asubuhi, ghorofani, juu ya kinyozi. Somo: namna ya kumpuuza mwanamke mpaka akubembeleze. Simu yake ililia mara tano. Kila mara alitoka nje, nasi tukamsikia kupitia mlango akimsihi mama watoto wake arudi nyumbani, amebadilika, anaapa. Aliporudi alisema hayo yalikuwa mazoezi ya vitendo. Tulipiga makofi.

Nimempa thelathini na moja. Si kwa sababu ya simu. Bango lake limekatwa upogo.

Hata hivyo nilijaribu mbinu yake kazini. Sikumsalimu Sindano. Sikuinua kichwa. Ilipofika saa sita alikuja kuniuliza kama naumwa, akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Mkono wenye harufu ya gundi na nta! Akanichemshia maji. Nilikunywa vikombe vitatu nikiwa buheri wa afya. Sijapata mchana mzuri kama ule tangu niajiriwe.

Nilipompigia jioni, Daktari alidai nimeshindwa. Nilitakiwa nibembelezwe, si nihurumiwe.

Jumatano, 5 Juni

Mimi ni mtu wa haki, kwa hiyo nimemtahini hata shangazi, ninayeishi naye. Ameozesha watu kumi na mmoja na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Nikamuuliza mbinu yake, kalamu tayari. Akasema nimuulize Sindano kama anakwenda, halafu nimwambie asiende.

Nikangoja kanuni ya pili. Hakuna! Darasa zima lilikwisha kabla wali haujaiva. Nilipomwambia kwamba mambo haya siku hizi yana utaalamu wake, aliuliza kama mdomo nilipewa wa kulia wali tu.

Vyeti, sifuri. Bango, sifuri. Mavazi, sifuri, maana alikuwa amevaa ndala mbili zisizofanana. Ushahidi, ishirini, kwa kuwa majirani zetu wa upande wa kushoto ni kazi yake na kila jioni nawasikia wakicheka. Jumla ishirini. Amefeli. Nilimpa matokeo kwa upole na akaniondolea sahani mbele yangu.

Nimelala njaa nikiwasikiliza majirani wakicheka. Nilijiuliza Sindano huwa anacheka nini akiwa nyumbani kwao.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempata! Anaitwa Kamanda. Ofisi yake iko nyuma ya soko. Vyeti kumi na viwili ukutani, vimepangwa mistari mitatu, na vyote navijua! Ule mpaka wa dhahabu niliuchagua mimi. Herufi zile nilizipanga mimi, mwezi wa tatu, siku aliyotuletea jina la chuo limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kutuomba tumtafutie mhuri wa kufanana nalo.

Nani mwingine anaweza kujivunia uhakika kama huu? Vyeti vya watu wengine ningevitilia shaka. Hivi nilivisoma mwenyewe, mara tatu, nukta kwa nukta. Havina kosa hata moja. Arobaini kwa arobaini!

Ushahidi: picha za wanandoa sita waliofaulu. Wanandoa wa nne niliwatambua pia, ni wa mwezi wa Agosti kwenye kalenda yetu ya mwaka jana. Sikujua kama walianza na Kamanda. Ishirini kwa ishirini. Nilimpunguzia mbili kwa manukato tu, maana yalinitoa machozi. Tisini na nane!

Amenipa kanuni tatu. Ya kwanza, simama karibu, weka mkono mezani, tazama juu ya kichwa chake, nyamaza. Ya pili, swali la mwanamke hujibiwa kwa swali. Ya tatu ndiyo nzito: akikupa kitu, usikifungue na usimtafute kwa siku tatu, maana mwenye kiu haonekani kisimani. Nimeinakili kwenye kiganja.

Ijumaa, 7 Juni

Dereva anayetuletea karatasi amekuja na boksi zake. Mtu hana mbinu hata moja. Alimwambia Sindano eti amesikia anatukimbia, sasa nani atamfokea akipanga boksi vibaya. Akamuuliza kama amekula. Basi, hayo tu! Na Sindano akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nilimpa dereva alama nne.

Alipoondoka nikatekeleza kanuni ya kwanza. Nikasogea. Nikaweka mkono mezani. Nikatazama juu ya kichwa chake, pale kalenda ilipo. Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana. Nilipotaka kuondoka, mkono ulikataa. Nilikuwa nimeuweka juu ya migongo ya vitabu iliyopakwa gundi dakika hiyo hiyo. Nimegandana na ripoti tatu za chama cha wafugaji wa nyuki!

Sindano hakucheka. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akaketi, akaanza kunibandua kidole kimoja kimoja. Kichwa chake kilikuwa karibu na bega langu. Ana alama ndogo ya sindano kwenye kidole gumba, ya zamani, sikuwahi kuiona. Nilitamani ningekuwa na vidole ishirini.

Alipofika kidole cha mwisho akauliza, bila kuinua macho, kama kuna kitu nataka kumwambia. Kilikuwepo! Lakini kanuni ya pili ni kanuni ya pili. Nikamuuliza yeye anaonaje.

Akajibu anaona maji yanapoa.

Jumamosi, 8 Juni

Amefagia meza yake. Amegawa sindano zake kuukuu kwa walioziomba. Saa tisa alasiri alikuja kwangu na kifurushi cha karatasi ya kaki, kimefungwa kwa uzi wake wa nta, mafundo mawili. Akasema nikifungue leo. Akarudia: leo, tafadhali, nisikiweke kiporo kama ninavyoweka prufu.

Mikono yenyewe ilianza kwenda kwenye mafundo. Nikaona kiganja changu: siku tatu. Nikatoka uani kumpigia Kamanda. Alikuwa na haraka, nyuma yake kulisikika meza zikiburutwa, anahama ofisi. Lakini mtaalamu ni mtaalamu. Akasema akisisitiza leo, hilo ndilo jaribio lenyewe. Wangapi wameanguka hapo!

Nikarudi nikamwambia Sindano asante, nitaangalia. Miaka yote hii taa ilikuwa katikati ya meza zetu na tuligombania mwanga wake kimyakimya. Akaigeuza yote upande wangu. Akachukua mkoba wake akatoka.



Jumapili, 9 Juni

Nimeshinda nyumbani na kifurushi mapajani. Shangazi aliuliza kuna nini ndani. Nikasema sijui. Akauliza kwa nini sijui. Nikamweleza kanuni ya tatu. Akaniambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu subira yavuta heri. Akasema heri hiyo imeketi mapajani mwangu na mimi naikodolea macho. Akaleta mkasi.

Saa nane mchana mkasi ulifika kwenye uzi. Sijui kwa nini saa ile hasa nilimtamani kuliko siku zote. Nilimwona akilini kabisa, ameketi mahali, mikono haina kazi. Kisha nikarudisha mkasi jikoni. Ushindi!

Shangazi amesema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kwa majirani.

Jumatatu, 10 Juni

Ameondoka. Meza yake ni tupu, imebaki duara la pale kopo la gundi lilipokuwa. Kazi haikwenda. Nimesoma ukurasa mmoja mara tisa.

Dereva ndiye aliyembebea mizigo jana jioni. Anasema alimkuta kibarazani kwa mama yake, viti viwili, kimoja kitupu, dada yake ndani anamhimiza. Alimuuliza anamngoja nani, akajibu hamngoji mtu, pakia. Dereva akaniuliza kama mimi namjua huyo mtu. Nikasema simjui. Nilimwonea wivu huyo mtu siku nzima, kangojwa na Sindano na hakwenda. Mtu mzima hovyo!

Jumanne, 11 Juni

Siku tatu zimetimia. Nimeomba ruhusa kazini nikaja nyumbani, na saa tisa alasiri kamili, si dakika kabla, nikaketi nacho. Nimekata uzi mwenyewe.

Ni daftari. Kurasa mia mbili, jalada la kitambaa cha bluu, mgongo umeshonwa kwa mkono. Aliona kwamba langu la zamani linakaribia kwisha. Miaka mitatu alikuwa akiniona naandika wakati wa chakula. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wake mdogo, ulionyooka:

Jumapili saa nane mchana nitakuwa kibarazani kwa mama. Nitakuwekea kiti. Ukija, nitamwambia dada siendi.

Nimelia. Naandika haya katika ukurasa wa pili, na wino umetambaa mahali kadhaa. Nililia mpaka shangazi akaja, akasoma, akaketi kando yangu. Kisha akasema basi la kesho huondoka saa kumi na mbili asubuhi, na shati langu jeupe tayari limepigwa pasi.

Lakini nimefuta machozi na kulitazama jambo hili kitaalamu. Ushahidi huu hapa, kwa mwandiko wake! Mwanamke alikuwa tayari kubaki. Kwa nini? Sikumwambia lolote. Nilinyamaza tu, nikajibu swali kwa swali. Kanuni zimefanya kazi! Kamanda nilimwonea kwa yale manukato. Nimempandisha hadi mia.

Nimempigia kumpongeza. Namba haipatikani. Si kitu, mbinu zake zilikuwa za karibu, na sasa Sindano yuko mbali. Nashukuru kwamba leo asubuhi amekuja kiwandani bwana mmoja mwenye kofia, bingwa wa mahaba ya masafa marefu. Anataka tumchapie vyeti kumi na vitano. Darasa lake ni mwezi mzima, na sharti lake la kwanza ni mwanafunzi asisafiri kabla ya kuhitimu.

Nimemwambia shangazi alirudishe shati kabatini. Vyeti navipanga kesho, na nitavisoma mara tatu.