Mwoka Mikate na Wiki Isiyo na Serikali

Jumatatu, 4 Machi
Siamini! Halmashauri imepiga marufuku mikate ya nyumbani sokoni. Itauzwa ya kiwanda kikubwa peke yake. Kiwanda hicho hicho kilichosamehewa kodi na kupewa kiwanja bure! Askari wa soko wamebeba kapu langu. Mmoja alikuwa anatafuna. Na wanangu wanaishi kwa tanuri hili!

Jumatano, 6 Machi
Makubwa! Halmashauri nzima imegoma, askari nao. Nimewatangazia majirani: hakuna wa kumkamata mtu! Nimemwambia mke wangu kiwanda kile kimezoea kubebwa. Bila serikali hakimalizi wiki. Akauliza, na sisi je? Nikamjibu mimi sijawahi kubebwa na mtu. Nimekanda gunia zima la unga.

Alhamisi, 7 Machi
Si nilisema! Taka zimeziba barabara, malori ya kiwanda yamekwama. Meneja mwenyewe, na tai shingoni, anaita wateja sokoni kama mpiga debe. Hawamtazami. Mikate yangu imekwisha asubuhi. Nimerudi nikipiga mluzi.

Ijumaa, 8 Machi
Kila mtu anauza mikate! Kinyozi. Fundi cherehani. Na shemeji, mdogo wake mke wangu, kaweka meza mkabala na yangu. Mikate yake laini kama pamba. Nimemuuliza karuhusiwa na nani.
“Shemeji, si ulisema mwenyewe hakuna wa kumkamata mtu?”
Sikuuza hata mmoja. Kufika nyumbani, mke wangu anakunywa chai kwa mkate wa mdogo wake. Mbele yangu!

Jumamosi, 9 Machi
Nimemeza fahari yangu, nikamfuata meneja. Nikamshauri tuungane tumwondoe shemeji. Akaniomba radhi: tangu jana amempangisha shemeji tanuri la kiwanda. Biashara bila askari, kasema, inataka mtu anayejua kuoka.

Jumatatu, 11 Machi
Mgomo umekwisha. Alhamdulillahi, serikali imerudi! Nimemwahi ofisa biashara hata hajakaa. Nimemweleza hatari ya mikate holela. Nikaomba mambo madogo tu: shemeji azuiwe, mimi niruhusiwe peke yangu mtaa mzima, na kodi nisamehewe.
Akanikazia macho. Akauliza kama si mimi niliyekuwa nikipiga kelele kwamba kiwanda kinapendelewa.
Mtu kasoma, kapewa ofisi, halafu hajui tofauti! Kule ni upendeleo. Huku ni kumsaidia mwananchi.
Kesho nampelekea keki.