Nilivyomuua Magesa Kwenye Blogu

Jamani, leo nimeaibika hadi kwenye kucha.

Mnaijua blogu yangu. Ile ninamoandikaga kila kitu: maji yamekatika mtaani kwetu Kitaji, mama kanunua samaki sato, nimekosana na fundi cherehani. Ndugu zangu wanaisoma wajue kama mimi ni mzima. Humo humo nabandika hadithi ninazotunga za ile tamthilia ya Jumatatu, yenye daktari wa mifugo anayeitwa Magesa. (Ndiyo, mimi ni mtu mzima na nina kazi. Tuendelee.)

Rafiki yangu Rhobi, naye mtunzi, huweka zake kwenye maktaba ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki. Alinionya. "Kule unaweka lebo: ni ya kubuni, ya tamthilia gani, nani anakufa. Na unatumia jina bandia. Kwenye blogu unachanganya mchele na mchanga."

Nikamjibu kwa kiburi, "Kule nani ananijua? Kwenye blogu watu wangu wananijibu hapo hapo."

Wamenijibu.

Asubuhi nimebandika sura mpya, anayesimulia ni mchumba wa Magesa. Inaanza hivi: "Magesa wangu amefariki alfajiri. Hata nyumbani sijawahi kumtambulisha. Nitawaambia nini?" Nikajiona mwandishi kweli! Nikaenda kazini, simu nikaisahau kwenye chaji.

Mchana narudi kula, nakuta viatu mlangoni. Viatu vingi. Uani moto unawaka. Ndani, mama kakaa kwenye mkeka, kajifunga kanga kichwani, ananitazama kama mtu aliyefichwa jambo. Pembeni yake Shangazi Nyabise, dada wa baba, katoka kijijini Nyamuswa na wanawake wenzake wa kwaya. Na unga. Na jogoo.

"Shikamoo shangazi. Kuna nini?"

Shangazi akanikumbatia, akaangua kilio. Kwaya ikadaka. Nikajua tumefiwa, nikaanza kulia na mimi! (Nimelia kwenye msiba nilioutunga mwenyewe. Andikeni hiyo.)

"Nani amekufa?" nikauliza kwa kwikwi.

Shangazi akamgeukia mama. "Uchungu umempanda kichwani, maskini. Hakumbuki."

"Nani, shangazi?"

"Magesa, mwanangu! Mkwe wetu! Hata sura yake hatukuiona!"

Nikakaa chini hapo hapo. Wakanizunguka. Mmoja akaanza kunipepea na kanga.

"Shangazi," nikasema, "Magesa hajafa."

"Haleluya!" kwaya ikaitikia.

"Yaani... hayupo."

"Ndiyo, mwanangu. Hatunaye tena."

"Hapana! Hajawahi kuwepo. Ni wa kwenye tivii!"

Nikasikia maji ya ugali yakichemka uani.

Mama ndiye aliyezinduka kwanza. "Yule daktari wa ng'ombe? Wa Jumatatu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimemlilia *yule*?" Akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Shangazi hakufoka. Bora angefoka. Alinivuta nyuma ya nyumba, akajifuta macho.

"Nyangeta, mimi nilifurahi."

"Ulifurahi nimefiwa?"

"Nilifurahi kwamba kumbe ulikuwa na mtu." (Jamani.) "Sasa wale wenzangu niwaambie nini? Kwamba nimewatoa Nyamuswa kuja kumlilia mtu ambaye hakuzaliwa?"

Jogoo alishachinjwa, basi tukala. Walipomaliza, wanakwaya wakataka niwasomee hiyo sura. Nikasoma. Mmoja akalia tena, safari hii kwa hiari yake, kisha akanikalia kooni: "Lakini kwa nini umuue? Kijana mwenyewe mchapakazi!" Wengine wakamuunga mkono. Nimesemwa na kwaya nzima, nimeinamisha kichwa, ugali mkononi.

Wameshaondoka. Hadithi zote nimezihamishia maktaba, kwa jina bandia, na lebo mpaka zimepitiliza. Mpaka sasa hakuna aliyesoma hata moja. Rhobi nimemweleza, akanitumia ujumbe wa sauti. Ni kicheko, mwanzo mpaka mwisho. Mama bado kajifungia.

Nawaomba msicheke. Na pole msinitumie. Nilizopewa leo zitanitosha mpaka siku nitakapofiwa kweli.