Ndege Mwekundu wa Maporomoko

Jumatatu, 3 Februari

Siku mbaya kabisa. Tabasamu ametundika pazia jipya! Simwiti hivyo kwa mapenzi. Ni neno alilochora juu ya mlango wa studio yake ya picha, inayotazamana na yetu, na yeye mwenyewe hatabasamu hata kwa dawa. Pazia lake lina maporomoko ya maji. Ya kuchora tu, maji ya buluu kama sabuni ya kufulia, lakini watu wamepanga foleni hadi barabarani wapigwe picha mbele yake. Pazia letu ni lilelile la rafu ya vitabu. Limefifia, vitabu vimekuwa matofali. Leo ameingia mtu mmoja, akauliza choo kiko wapi.

Jioni akaja mjomba, mwenye studio. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaguna. Akasema mwezi ukiisha hivi, anafunga, na chumba anakifanya duka la chakula cha kuku. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema hata kuku wanahitaji mtu wa kuwapimia pumba.

Mimi! Msanii! Pumba!

Chakula cha jioni hakikupita. Yaani kilipita, lakini bila furaha.

Jumanne, 4 Februari

Naandika haya juu ya magunia ya vitunguu, ndani ya lori, nimelowa chapachapa. Nianze mwanzo.

Asubuhi mama mkwe alinituma. Honi ya skuta yake imeharibika, inalia yenyewe kila ikiingia shimo, na wenzake wa kwaya wanamcheka. Skuta hiyo ndiyo roho yake. Nyekundu, ina kikapu mbele, na kwenye kikapu amefunga utepe wa kijani ili isifanane na ya mtu mwingine. Huiosha kabla hajaoga yeye. Alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Kwa fundi na kurudi, baba, akasema. Kwa fundi na kurudi.

Nilikwenda kwa fundi, haki ya Mungu. Fundi alikuwa ameenda kula. Nikamkuta dereva wa lori la vitunguu anasubiri kuzibiwa tairi, tukapiga soga. Akaniambia huko anakopakia mzigo kuna maporomoko yasiyojulikana na mtu, hayana kibao wala mgeni, na ukiyaona yale ya Tabasamu utadhani bomba la bafuni limepasuka.

Moyo ukaruka. Maporomoko ya kweli! Picha yake ukuta mzima! Kamera ilikuwa shingoni. Tangi lilikuwa limejaa. Sikuaga mtu. Honi haiumwi, inaweza kusubiri.

Safari tamu! Lami iliisha, ikabaki njia ya vumbi, kisha njia nayo ikaisha, ikabaki nia tu. Piii kila shimo. Watu mashambani walidhani nawasalimia, wakanipungia mkono, nami nikawapungia. Nilijiona waziri.

Nikafika. Nikaegesha juu ya jabali, mahali pazuri ajabu, pamesuguliwa laini kama sakafu. Nikashangaa kwa nini watu wa huko hawapatumii. Nikachungulia chini.

Hakuna maji! Jabali kavu na mjusi mmoja.

Akatokea mama mmoja mwenye funguo kubwa shingoni. Kumbe ndiye mlinzi wa lango la mfereji. Nimempa jina la Mama Funguo. Akaniambia kwa ukali kuwa maporomoko leo hayapo kazini. Maji yote huenda mashambani kwa zamu, leo ni zamu ya vitunguu. Maporomoko hupata yao Jumapili, mashamba yakipumzika. Tangu nizaliwe sijasikia maporomoko yenye siku ya kazi.

Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia natengeneza kalenda, na mlinzi wa maji atakuwa mwezi wa Januari. Akakataa Januari, watu wanakuwa wamenuna. Anataka Desemba. Nikampa Desemba. Akasema basi picha yake kwanza, maji baadaye. Akasimama wima, funguo kifuani, hakupepesa hata jicho.

Kisha akasema atafungua kidogo tu kabla watu wa vitunguu hawajashtuka. Akaniuliza kama nimeacha kitu chochote kwenye mkondo. Nikamjibu mama, unazungumza na mtu makini. Nikashuka chini ya jabali, nikaweka kamera jichoni.

Kwanza ubaridi. Kisha ngurumo. Kisha, katikati ya ngurumo: piii.

Nikajiambia, honi hiyo naijua.

Piii! Piiiiii!

Ikatokea ukingoni. Imesimama wima, kikapu mbele, utepe unapepea, utasema inawahi kwaya. Macho yalinitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Watu wa vitunguu waliikokota kutoka kwenye dimbwi. Walinisema sana. Mama Funguo alinikumbusha Desemba.

Jumatano, 5 Februari

Kwa fundi, hatimaye. Akauliza tatizo nini. Nikasema honi. Akaiinamisha skuta, yakatoka maji, ukatoka mchanga, akatoka chura. Akaikagua kutwa nzima huku akitikisa kichwa. Mwisho akatoa jibu: kitu kizima kilichobaki ni honi.

Mama mkwe nimemwambia fundi anasubiri kipuri. Si uongo. Anasubiri karibu vyote.

Nimeitazama picha. Lo! Sijawahi kupiga picha kama hii maishani. Na ni moja tu, maana baada ya hapo nilikuwa majini hadi kifuani. Skuta iko katikati kabisa. Ningeweza kuifuta, lakini hapo ndipo maji yanapometameta vizuri. Ni ndogo. Ni nyekundu. Iko hewani.

Nimeamua ni ndege.

Jumamosi, 8 Februari

Pazia limetundikwa. Foleni imehama! Tabasamu alitoka nje akasimama mikono kiunoni, sura kama aliyemeza ndimu. Nilimpungia mkono. Kila mteja anauliza kile chekundu ni nini. Nawajibu ni ndege adimu sana, hupatikana huko tu, hana haya na maji. Mtoto mmoja akasema ndege ana magurudumu. Nikamwambia mama yake amfunze adabu.

Mjomba alinipiga bega, akasema pumba zisubiri kwanza. Nilitaka kulia kwa furaha.

Mke wangu aliniletea chakula cha mchana. Akalitazama pazia. Akanitazama mimi. Akauliza fundi amefikia wapi. Nikasema polepole. Akasema siku mama yake akiingia humu, yeye atakuwa kwa dada yake.

Jumamosi, 15 Februari

Mke wangu yuko kwa dada yake.

Mama mkwe alikuja na kwaya nzima! Wamevaa sare, wanang'aa, wamekuja bila taarifa ili kumuunga mkono mkwe. Kwa miguu, alisisitiza, maana kipuri bado. Nilijaribu kila njia. Nikasema umeme umekatika. Taa zilikuwa zinawaka. Nikawasifia rafu ya vitabu, kwamba inawapendeza wasomi. Wakasema wanataka ndege.

Wakajipanga. Mama mkwe mbele, katikati. Akageuka kidogo kuweka kilemba sawa. Akabaki amegeuka. Akasogea hadi kwenye pazia, akaweka kidole juu ya ndege. Akaniuliza, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele, ndege huyu utepe amenunua wapi.

Hila zikaniishia. Mimi! Nikaeleza yote, hadi chura. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Alilia kweli, kwa ajili ya skuta yake, na kwaya ikanitazama. Niliona aibu hadi kwenye visigino. Kama angenipiga ningeshukuru.

Kisha akajifuta, akasema tupige picha kwanza kwa kuwa wameshavaa. Hukumu ikafuata. Mpaka fundi amalize, nitampeleka mazoezini kwa baiskeli yangu. Kwenye vilima nishuke nisukume, yeye hashuki. Na honi ifungwe kwenye baiskeli, pamoja na betri yake, ili watu wajue tunakuja.

Nimeapa mbele ya kwaya nzima. Mimi na hila, basi. Sitaazima tena kitu cha mtu maisha yangu yote.

Jumatatu, 17 Februari

Tabasamu, mwizi mkubwa! Amemwita mchoraji, ameongeza skuta kwenye maporomoko yake. Mbili! Moja ina abiria! Foleni imerudi upande wake, na asubuhi nimemkuta mjomba anapima ukuta wetu kwa kamba, akisema gunia hapa, gunia pale.

Sitapima pumba. Afadhali nife.

Nimempitia yule dereva wa vitunguu. Anasema kuna mlima, mbali kidogo, haujulikani na mtu, hauna kibao wala mgeni. Unatoa moshi. Mara mojamoja tu.

Jioni, baada ya kumfikisha mama mkwe mazoezini (piii hadi mlangoni), nilipita kumjulia hali baba mkwe. Pikapu yake ilikuwa uani, imetulia, haina kazi. Niliizunguka taratibu. Nikamwambia baba, taa hii ya nyuma naiona inamulika kinyonge, na mimi kesho naelekea kwa fundi.

Alisita. Akaniuliza kama huko niendako kuna maji.

Nikamwapia hakuna hata tone. Akanipa ufunguo.