Bunduki Nne Haziwezi Kutosha Familia

Bonde la Cutter,
Idaho Kaskazini.
Machi, wakati wa matope.

Kwa Mhariri wa jarida la Nyumba Tayari

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, una kuni za kutosha na maji ya akiba kwenye mapipa. Mimi ni msomaji wenu tangu jarida lilipokuwa karatasi chache zilizobanwa kwa pini, na nimefuata kila mlichoandika. Mlisema tukaushe nyama, nikakausha, hata ile iliyokuwa ya chakula cha Jumapili. Mlisema tuchimbe handaki la kuhifadhia mboga, nikachimba, na bomba la maji machafu nililolipasua limeshatengenezwa. Sijawahi kulalamika. Lakini toleo lenu la Januari limevunja nyumba yangu, na nimeona niandike kwa heshima kabla sijaandika kwa hasira.

Ninayoilalamikia ni ile makala ya silaha za msingi kwa familia wakati wa dharura. Mwandishi wenu anasema familia ya kawaida inatosheka na bunduki nne: moja ya risasi ndogo, ya kuwindia sungura na kufundishia watoto, moja ya marisau, ya kupigia ndege, moja ya kulungu, na bastola. Halafu, kana kwamba hajatukosea vya kutosha, anamalizia kwa kusema hata hizo nne hazina maana kama mtu hana maji, dawa, na jirani anayesemezana naye.

Mimi ninazo kumi na tisa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hiyo nne mmeitoa wapi? Mimi pia nilianza na nne. Lakini mtu mwenye akili hujiuliza maswali. Itakuwaje dharura ikija jioni? Nikanunua ya jioni, yenye darubini. Itakuwaje ikija siku goti langu linauma? Nikatafuta nyepesi. Ipo moja ambayo kazi yake ni kuazimwa na shemeji yangu Dwight, ili asije akaomba nyingine, na mpaka leo Dwight hajaomba yoyote, jambo linaloonyesha kwamba inafanya kazi. Ipo ya kukaa ndani ya pikapu na ipo ya kukaa karibu na pikapu. Na wewe unayajua mambo ya maonyesho ya bunduki. Mwanamume wa bonde hili huondoka asubuhi akimwambia mkewe anakwenda kuuza moja, na hurudi na mbili, akazipitisha mlango wa nyuma zimeviringishwa kwenye blanketi la farasi. Sisi hatuna farasi. Mke wangu Corinne alikaa miaka bila kuuliza habari za blanketi lile, nami nikachukulia kimya chake kuwa idhini.

2. Mwandishi wenu anashauri bunduki zote za nyumbani zitumie risasi za aina moja au mbili, ili mtu asichanganyikiwe. Mimi nilifuata elimu ya juu zaidi. Nilijiambia kwamba maduka yakifungwa, risasi za aina moja zikiadimika, za aina nyingine zitapatikana. Kwa hiyo nilihakikisha kwangu hakuna bunduki mbili zinazokula risasi za aina moja. Watu wa duka la chakula cha mifugo walinisifu sana kwa hilo. Sasa ndiyo nakumbuka kwamba risasi pia wanauza wao.

3. Hamkuandika neno hata moja kuhusu mahali pa kuziweka. Mimi ni baba ninayejali usalama, siwezi kulaza bunduki chini ya kitanda. Nilinunua sefu kubwa kuliko friji, ikatuchukua wanaume wanne kuiingiza, mmoja wetu akaumia mgongo na hajanisalimia tena. Chumba pekee ambacho sakafu yake ingeihimili ni kile kidogo kinachopakana na chetu. Wakati huo Corinne alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Hilo nilikuwa nalijua, na la sefu nilikuwa nalijua, ila sikuwa nimeyaunganisha. Corinne alisimama mlangoni na kopo la rangi ya manjano mkononi, akaniuliza, "Wendell, mtoto atalala wapi?" Nikamwambia sefu ile inahimili moto kwa saa nzima. Nilidhani hilo litamtuliza.

4. Dharura ilipokuja kweli, Ndugu Mhariri, nakiri nilifurahi. Ilikuwa dhoruba ya barafu. Nguzo za umeme zililala barabarani na mashine ya kupasha nyumba joto ikazimika. Nilimwambia Corinne, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi, "Tunahama." Akaniuliza, "Kwa mama?" Nikamwambia ndiyo, kwa mama yako, lakini kwa utaratibu.

Mama mkwe wangu, Bi. Verla Prewitt, anakaa ng'ambo ya kijito na ana jiko la kuni. Pikapu nilipakia mwenyewe. Nilichukua bunduki sita zilizo bora na masanduku ya risasi mpaka springi zikalalamika. Binti yetu Junie, ambaye yuko darasa la pili, aliketi juu ya sanduku. Corinne, tumbo limeshamtangulia, alipakata jingine. Aliuliza begi lake la dawa liko wapi, nikamwambia litakuja safari ya pili. Ndoo za chakula cha akiba nazo zilikuwa za safari ya pili. Tulipovuka, mti mkubwa ulianguka nyuma yetu ukafunga barabara, na safari ya pili haikuwepo.

Corinne alikuwa anameza vidonge vya presha kwa ajili ya mimba. Aliyevaa viatu vya theluji akatembea mpaka kliniki kumletea vingine ni jirani wa Bi. Verla, mtu ambaye sikuwa nasemezana naye kwa sababu ya mbwa wake. Naandika hili kwa sababu tu nataka kuwa mkweli, na naomba msilihusishe na ile sentensi ya mwisho ya makala yenu.

5. Jioni hiyohiyo puma, yule paka mkubwa kama chui, alishuka mlimani akaingia zizini mwa mbuzi wa Bi. Verla. Saa niliyoingoja maisha yangu yote ilikuwa imefika, tena mbele ya mama mkwe. Nilitoka na bunduki, nikafungua sanduku la risasi. Haziingii. Nikachukua bunduki ya pili, nikafungua sanduku la pili. Haziingii. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekuja na bunduki sita, na risasi za zile kumi na tatu zilizobaki nyumbani.

Bi. Verla alikuwa ananitazama kutoka mlangoni, amevaa aproni.

"Zimekataa?" akauliza.

"Zimekataa, mama."

"Zote?"

"Bado naangalia."

"Basi angalia taratibu, mwanangu. Nitawaambia mbuzi wasubiri."

Alivaa buti za marehemu mumewe, akachukua sufuria na mwiko, akaenda zizini akiipigapiga huku akimtukana yule mnyama matusi ambayo sikujua kama kanisani kwao wanayajua. Puma akaondoka. Bi. Verla alirudi, akasuuza mwiko, akatupakulia mchuzi wa kulungu. Aliponipa bakuli langu akasema, "Mkwe wangu ana bunduki za kutosha jeshi moja na risasi za kutosha jeshi jingine. Kilichobaki ni majeshi hayo yajuane." Corinne alicheka mpaka akashika tumbo. Nami nilicheka, kwa ajili ya adabu.

6. Habari hiyo ilizunguka bonde zima kabla umeme haujarudi, na sijui ilisafiri kwa njia gani kwa kuwa simu zilikuwa zimekatika. Kanisani kwetu, baada ya ibada, kila familia huleta chakula chake tukala pamoja. Niliinuka kuongeza viazi, niliporudi nikakuta risasi moja kwenye sahani yangu. Jumapili iliyofuata zilikuwa tano, kila moja ya aina yake. Posta wananiuliza, "Wendell, vipi, hii inaingia?" Hata mchungaji aliponipa mkono wa amani, kiganjani mwake mlikuwa na risasi. Nilikwenda nayo nyumbani nikaijaribu. Haikuingia popote.

7. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Umeme uliporudi, mimi nilirudi nyumbani. Corinne hakurudi, wala Junie. Wiki hiyohiyo jarida lenu lilifika kwa Bi. Verla, na mimi mwenyewe ndiye niliyemlipia kama zawadi ya Krismasi. Aliikata ile makala akaibandika kwenye friji kwa sumaku. Nilipokwenda kuwaona, Corinne alinisomea mezani, polepole, kisha akasema, "Hata wenzako hawa wanasema nne, Wendell."

Nikamwambia hao hawalijui bonde letu.

"Mimi nalijua," akasema. "Nimezaliwa hapa. Chumba kile kikirudi kuwa chumba, nitarudi. Kikibaki ghala, mtoto atazaliwa huku na atalala huku. Sigombani nawe, nakuambia tu."

Angegomba ningejua la kujibu. Sasa mtoto anatarajiwa wakati wowote. Mimi nakula nyama ya unga kutoka kwenye ndoo iliyoandikwa kwamba haiharibiki kwa miaka ishirini na tano, na nathibitisha kwamba haina namna ya kuharibika zaidi. Jioni nasafisha bunduki ambazo hazijapigwa. Nikimaliza nakaa. Nimejiandaa kumlinda kila mtu na nyumbani hamna mtu. Nimewakumbuka mno, Ndugu Mhariri, mpaka nimeanza kuzungumza na redio ya dharura. Najua hili si kosa la makala yenu moja kwa moja, ila nimeliweka hapa kwa sababu sijui liwekwe wapi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mchapishe masahihisho katika toleo lijalo. Mseme kwamba nne ilikuwa makosa ya uchapaji na kwamba kumi na tisa ndicho kiwango cha chini kwa familia yenye busara. Mseme pia kwamba chumba cha sefu ni sehemu ya vifaa vya msingi, na kwamba watoto wachanga, kwa uchunguzi wa wataalamu, hulala vizuri zaidi sebuleni. Kama hamna mtaalamu aliyesema hivyo, nipo tayari kusema mimi, nanyi mniite mtaalamu. Nakala moja itumwe kwa Bi. Verla, kwa herufi kubwa, isizidi ukubwa wa mlango wa friji. Nikiipata kabla mtoto hajazaliwa nitashukuru.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, na yule mama anayepokea simu ambaye alinivumilia sana mwezi uliopita. Msalimie mwandishi wa makala pia, sina kinyongo naye. Msalimie na mkewe, kama bado wanaishi nyumba moja.

Ni mimi, msomaji wenu asiyekata tamaa,

Wendell Haugland

Baada ya sahihi: Tafadhali msiichapishe barua hii. Nilikuwa natafuta stempu Dwight aliponipigia simu. "Shemeji, uchungu umemshika, mama anampeleka hospitali. Unakuja, au bado unaoanisha risasi?" Nilifika kabla ya daktari. Ni msichana, na ana sauti ya bibi yake. Mama yake ni mzima, presha imeshuka. Naandika haya nikiwa kwenye kiti cha wodini.

Sefu itatolewa Jumamosi. Dwight ameahidi kuleta wanaume, na bunduki nimemwachia akaziuze, arudi na blanketi tupu. Ile ya sungura peke yake ndiyo nitakayobaki nayo, kwa ajili ya Junie akikua, na itakaa kwa Bi. Verla kwa sababu mimi siaminiki. Kama mna makala yoyote inayoeleza jinsi ya kutoa sefu chumbani bila kuvunja fremu ya mlango, nitumieni haraka. Na kama mna ya kupaka rangi ya manjano, hiyo kwanza.

Halafu kuna hili. Asubuhi hii nimekumbuka kwamba nilitoka mbio nikaacha nyumba wazi, mlango umefunguka mpaka mwisho. Nikamwambia Corinne kwamba tutaibiwa. Alifumbua jicho moja akaniuliza, "Watuibie nini?" Mtoto alikuwa amenilalia kifuani. Nilimfunika vizuri, Ndugu Mhariri, nikamwambia mama yake mlango na ukae wazi.