Notisi ya Kuondoa Tangi la Kamba Koche Wangu

Kwa Mzee Mburu, mwenye ploti, Kawangware.

Anayekuandikia ni Muia wa nyumba ya tatu, mfugaji mkuu wa kamba koche kuanzia hapa mpaka Kibera yote, na hata kwetu Kitui sijasikia wa kunishinda. Kamba koche ni yule wa baharini mwenye miiba na masharubu marefu, ambaye wakubwa humla hotelini wakiwa wamefunga kitambaa shingoni.

Notisi yako nimeipata, kwamba kufikia Jumamosi tangi langu liwe limetoka uani. Kwa heshima nakataa, na sababu ni hizi:

1. Ndani mna vichanga mia nne nilioletewa kwa basi kutoka Kilifi, wakiwa kwa mtungi. Kichanga wa kamba ni mwembamba kama karatasi na mwili wake ni kama kioo. Kwa hivyo wapangaji wanaosema tangi ni tupu wanathibitisha tu kwamba vichanga wangu wako na afya.

2. Maji huja Alhamisi pekee, na foleni ya mfereji ikiwa ndefu watu huchota kwangu. Kasiva wa nyumba ya pili alipikia githeri maji hayo, akasema mbele ya watu imekolea chumvi vizuri. Mzee, ile chumvi ndiyo bahari yangu, kilo nane. Na huenda alikula vichanga wangu hamsini.

3. Kichanga hubadilisha ganda miezi na miezi kabla hajafanana na babake. Mpangaji mmoja unampa notisi ya mwezi. Mimi niko na mia nne, hebu piga hesabu.

4. Wakikua watataka nafasi. Naomba Kasiva ahamishwe, tutoboe ukuta, nyumba ya pili iwe bahari. Choo nacho kifungwe asubuhi, mlango wake unawashtua.

Nisalimie mama Wamuyu, watoto wote, na yule mbwa wa geti.

Mpangaji wako mtiifu,
Muia, Mfugaji.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga barua, Mumbua binti ya dada yangu akaja kutoka Kianda, akamulika tangi kwa simu. Anasema hamna kitu ila kiini cha mayai ninachowalisha. Kusema kweli miwani yangu niliikalia mwezi wa pili, sijawahi kuona hata mmoja. Lakini tangi libaki tu, Mzee, hata bila kitu. Zamani nilikuwa yule wa nyumba ya tatu. Siku hizi nikitoka nje wananiita Profesa.