Jinsi Icilda Mkunja-Mashuka Alivyoteka Kiti cha Ufukweni

Nyamazeni, enyi mliokanyaga mchanga kwa ruhusa ya mwenye lango. Sogeeni karibu, nyinyi mliofua mashuka msiyoyalalia. Habari hii haina panga wala farasi, lakini ndani yake mna ngome iliyozingirwa, mna hila ya vita, mna jemadari aliyeporomoka mbele ya majeshi yake akiwa amevaa ndala moja. Ni habari ya Icilda Pommells wa Hanover, pwani ya magharibi ya Jamaica: Mkunja-Mashuka, Mtesi wa Madoa, Binti wa Mvuke. Ni habari ya siku alipoketi.

Naam, alipoketi. Acheke anayetaka kucheka. Hao walioimbiwa nyimbo na kuchongewa sanamu, wengi wao walifanya nini zaidi ya kushuka merikebuni na kuketi mahali pa watu? Icilda aliketi mahali pake.

Maana kabla ya hoteli iitwayo Yakuti, ufukwe ule haukuwa na jina la kito chochote. Mama yake Icilda alikaangia samaki pale, na watoto wa kilimani walishuka kila Jumapili baada ya kanisa, wakaoga mpaka ngozi za vidole zikakunjamana. Kisha, mwaka mmoja baada ya kimbunga Gilbert, wakaja watu wenye ramani. Kimbunga kilikuwa kimechukua mapaa. Wao wakachukua kilichobaki. Ukuta ukajengwa, geti likawekwa, na wale waliokuwa wakioga bure wakaambiwa wana bahati, kwani sasa wangeweza kuajiriwa.

Icilda akaajiriwa. Miaka ishirini na miwili alisimama katika chumba cha dobi nyuma ya jiko, kwenye joto la kuivisha ndizi, akifua taulo za buluu ambazo wageni walizitandaza juu ya viti vya kulalia vilivyopangwa mbele ya bahari. Alizifahamu taulo zile kuliko alivyomfahamu marehemu mumewe. Viti hakuvifahamu, kwani kanuni ilisema mfanyakazi asikae juu yake, asiegemee, asitue mkoba. Mwaka wake wa tisa aliegemea kimoja, kwa kiasi cha kutoa kokoto kiatuni, na akaandikiwa barua ya onyo. Barua hiyo angali nayo. Iko ndani ya Biblia yake, kwenye Kitabu cha Kutoka.

Ikasadifu kwamba binti yake, Shaunette, muuguzi huko Toronto, alimlipia mama yake siku mbili katika hoteli ileile, kila kitu ndani, chakula na kinywaji na kiti, kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili saa sita.

"Mama, nisikilize," alisema kwenye simu. "Usifue chochote. Usimsaidie mtu. Kaa tu."

"Kukaa nako ni kazi ya kufundishwa?"

"Kwako wewe, ndiyo."

Basi akaingia kwa lango la mbele, yeye ambaye miaka yote aliingia kwa la nyuma na kupekuliwa mkoba wakati wa kutoka, akafungwa mkononi bangili ya plastiki ya rangi ya chungwa, alama ya wale wasioulizwa. Na Jumamosi, saa mbili asubuhi, akiwa na gauni la maua na kofia ya kanisani, Mtesi wa Madoa akashuka ufukweni kudai kilicho chake.

Ole! Safu ya mbele, viti kumi na vinane chini ya miti ya mikungu, yote ilikuwa imekwisha kutekwa, na hapakuwa na mtu. Juu ya kila kiti palilala taulo la buluu, na juu ya kila taulo silaha ya kulilinda: hapa kitabu kilichofunikwa kifudifudi, pale chupa ya mafuta ya kuzuia jua iliyokwisha, kule ndala moja ya kushoto. Jeshi la vitambaa lisilo na askari! Icilda alisimama akingoja wenyewe. Alingoja saa mbili nzima. Hakuja mtu.

Kando ya safu palisimama Desrick, mlinzi wa ufukwe, kijana wa watu mwenye mke na mkopo wa pikipiki, ambaye Icilda alimfundisha shule ya Jumapili.

"Desrick, hawa wenye taulo wamezama?"

"Wamelala, Bi Icy. Wanatandika alfajiri, halafu wanarudi vitandani."

"Na hicho kibao kinasemaje?"

Desrick akakitazama kibao kana kwamba ndiyo kwanza kimeota. "Kinasema taulo likikaa nusu saa bila mtu, linaondolewa."

"Linaondolewa na nani?"

"Hapo ndipo kibao kinaponyamaza."

"Na wewe?"

"Mimi niligusa taulo la mgeni mwezi wa tatu, Bi Icy. Niliitwa ofisini mara mbili. Sina mikono tena kwa mambo ya taulo."

Siku hiyo Icilda alikaa kwenye ukingo wa bustani ya maua, jua likimpiga kisogoni, akiitazama bahari kupitia migongo ya viti vitupu. Shaunette alipopiga simu kuuliza kama amekaa, alijibu, "Nimekaa," na uongo ule ulimchoma kuliko jua.

Kukapambazuka Jumapili, siku ya mwisho, na saa sita mchana bangili ingekatwa kwa mkasi. Ndipo kwenye kifungua kinywa majaliwa yakamweka Icilda kwenye meza iliyopakana na ya adui.

Jina lake, kama alivyolitangaza mwenyewe kwa sauti, lilikuwa Lorne Haskett wa Winnipeg, Mtangulia-Jogoo, Bwana wa Kikombe Kikuu, mkongwe wa likizo kumi na moja hotelini pale. Mbele yake palikuwa na maharusi wawili waliofika jana, wekundu kama kamba waliochemshwa, na jemadari alikuwa akiwapa sheria za vita.

"Sikilizeni, wanangu, maana haya sikuyapata bure. Kikombe chenu mje nacho kutoka nyumbani, kikubwa, chenye kifuniko. Glasi zao ni za kunyweshea kuku. Meza za mikahawa ile ya usiku kamateni siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua masanduku, la sivyo mtakula bafe mpaka ndege iwarudishe. Mkate wapiteni kama hamuuoni, huo umewekwa kuwajaza. Chumba ombeni cha juu, mbali na jukwaa la muziki. Mhudumu wa baa mpeni noti mkononi siku ya kwanza, siyo ya mwisho. Ya mwisho ni shukrani. Ya kwanza ndiyo kinywaji."

"Na viti?" akauliza bibi harusi. "Jana tulikosa kabisa."

"Aaa!" Lorne akaweka uma chini kwa heshima. "Hakuna kinachoshinda taulo. Saa kumi na moja na nusu, bado giza, mimi niko pale. Nne natandika."

"Nne? Si mko wawili tu?"

"Mbili za kivulini kwa asubuhi, mbili za juani kwa jioni. Mtu lazima ajipange! Sasa hivi narudi kulala hadi saa tano. Ndala yangu inalinda."

Icilda alikuwa akila aki, tunda la kisiwani lipikwalo kama mboga, na samaki wa chumvi kutoka kona ya mwisho kabisa ya bafe, mahali wenyeji wanapojua kwamba ndiko kuliko na chakula cha kweli, na tonge akalirudisha sahanini. Taulo nne! Si kwamba alikuwa hajaona tamaa. Amezaliwa kisiwani, kisiwa chote kiliwahi kutandikiwa taulo na watu waliokwenda kulala kwao. Lakini kuona jambo lile likifanywa upya, kwa nguo alizozifua yeye, na kufundishwa kwa vijana kama hekima, lo! Moyo wake ukachemka kama boila namba mbili ya dobini, ile iliyokuwa haina kidhibiti.

Akafuta mdomo. Akainuka. 

Saa mbili na robo akafika kwenye uwanja wa vita. Hakupiga kelele, hakuita meneja, hakusogeza taulo moja kwa woga kama mwizi. Alishusha mikono ya gauni mpaka kwenye viganja, bangili ikapotea chini yake, akaliendea toroli jeupe lililosimama mbele ya kibanda cha taulo, na akaanza kazi.

Ee mikono! Ni nani atakayewasifu ipasavyo? Taulo la kwanza alilishika pembe mbili, akalikung'uta mara moja, paa, likapepea hewani kama bendera ya meli, akalikunja mara tatu, akalikunja tena, kingo ndani, akalilaza. La pili. La tatu. Miaka mitano alikuwa amestaafu, na vidole havikusahau hata inchi moja. Vitabu akavifunga kwa kuweka jani la mkungu pale msomaji alipofikia. Chupa, miwani, na ndala ya kushoto akavipanga juu ya meza ya kibanda, kila kitu kwa mpangilio wa viti vilevile. Hakuna kilichopotea, hilo liandikwe kwa herufi kubwa, maana wenye visingizio hawakosi.

Na wageni walipita! Walipita wakienda kuogelea, wakipita na kahawa zao, wakamwona mwanamke mweusi akikunja taulo, yaani hawakumwona. Mmoja alimpa glasi chafu bila kusimama. Icilda akaipokea, akaiweka mezani. Naam, hiyo ndiyo iliyokuwa ngao yake: dharau yao. Hakuna jeshi duniani lililowahi kupita katikati ya maadui mchana kweupe, likaondoa bendera kumi na nane, na adui akasema "asante, mpenzi."

Desrick peke yake aliona. Macho yalimtoka.

"Bi Icy! Bi Icy, unafanya nini? Kimoja si kinakutosha?"

"Mwanangu, umewahi kuniona nikikunja nusu ya toroli?"

"Watanifukuza!"

"Wewe umegusa kitu?"

"Sijagusa."

"Basi simama wima, toa tumbo hilo mbele, uwe mlinzi."

Alipomaliza la kumi na nane, akakaribia kiti cha katikati, chini ya mkungu mkubwa, uso kwa uso na maji. Akakipa mgongo. Akajishusha taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Na kabla makalio hayajagusa, sauti ikanguruma kutoka kwenye ngazi.

"Wewe! Wewe mama!"

Kabla ya kulala, Lorne Haskett alikuwa ametazama kutoka roshani yake na kuona himaya imetoweka. Alikuja akichechemea juu ya kokoto, mguu mmoja una ndala na mmoja mtupu, Kikombe Kikuu kikimwagika mkononi.

"Taulo zangu ziko wapi? Nani kakwambia uziondoe? Hebu inuka, nirudishie nne, na uniletee kahawa, haraka."

Na hapa ndipo penye kiini cha habari. Maana magoti ya Icilda yaliinuka. Yenyewe! Miaka ishirini na miwili iliyainua, barua ya onyo iliyainua, kabla kichwa hakijaulizwa. Akajikuta amesimama, mikono imeshikana mbele, na ulimi unataka kusema "samahani, bwana." Kila alichokipigania asubuhi ile kilining'inia kwenye neno hilo moja.

Alilimeza. Akapandisha mkono wa gauni, bangili ya chungwa ikatokeza juani.

"Bwana Lorne," akanena, na sauti yake ilikuwa ile ya kusoma zaburi, "kahawa iko mkono wako wa kulia, ukipita bafe, na wanakupa kwenye hicho kindoo chako. Taulo zako zimekunjwa, tena vizuri kuliko ulivyozikuta. Mimi ni mgeni wa chumba mia mbili na kumi na nne. Nimefua jasho lako, na mafuta yako, na juisi uliyojimwagia, kwa miaka ambayo huwezi kuihesabu, na sikukudai kiti. Leo sikudai pia. Leo nakaa."

Na akakaa.

Lorne akamgeukia mlinzi. "We kijana! Fanya kazi yako! Kiti hiki ni changu tangu saa kumi na moja na nusu!"

Desrick aliutazama mchanga. Aliutazama mkopo wa pikipiki, ambao yeye peke yake aliuona. Kisha akapandisha mkanda, akasogea hadi kwenye kibao, na akasoma kwa sauti ya kutangaza ndoa kanisani:

"'Taulo likikaa nusu saa bila mtu, litaondolewa.' Ni kibao cha hoteli, bwana. Mimi ningekiandika kwa ukali zaidi."

Maharusi wale wekundu, waliokuwa wamefika nyuma, walicheka, na bibi harusi akapita mbele ya mwalimu wake, akasema, "Samahani, mjomba, hapa pana mtu?" na bila kungoja jibu akajitupa kwenye kiti cha jirani. Mwingine akakaa. Kikongwe mmoja mwenye fimbo, ambaye tangu Jumatatu alikuwa hajapata kivuli, akasaidiwa kukaa. Jemadari wa Winnipeg alibaki amesimama, akatafuta ndala yake, akaivaa, na akapewa kiti cha safu ya tatu, nyuma ya mashine ya barafu. Kwa hesabu ya haki kilimtosha, kwa sababu alikuwa na makalio mawili tu kama binadamu wote.

Na Icilda? Kiti kilikuwa na ubao uliolegea uliombana mgongoni. Akaulalia hivyohivyo. Bahari ilikuwa ileile ya mama yake, ikija, ikirudi, bila kujua habari za ukuta. Alikaa saa tatu na dakika kumi, hakusoma, hakulala, hakumsaidia mtu. Alimpigia Shaunette, na alipoulizwa umekaa, alisema, "Nimekaa," na safari hii hakuongeza kitu.

Basi na liandikwe na wenye kuandika: kwamba Jumapili ile, katika ghuba ya Hanover, bila kumwaga tone ila la kahawa, safu ya mbele ilikombolewa. Na ilipogonga saa sita Icilda Pommells akainuka kwa hiari yake, akavaa kofia. Wateka nchi huacha bendera nyuma yao, ili ajaye ajue pana mwenyewe. Yeye hakuacha hata taulo.